Kibati Kilichokaliwa

Kosa lilikuwa la fundi boti, na tuliseme mapema lisije likatafutiwa mwenyewe mwingine: kibati alikiweka pasipoonekana.

Kibati chenyewe si kikubwa, upana wa kiganja tu, kimegongwa maandishi: watu watano, uzito wa mzigo, nguvu ya injini isizidi hapa. Sheria inataka kikae karibu na usukani, anayeendesha akiinua macho akione. Na fundi sheria anaijua. Aliisomea mpaka akapewa diploma, nayo inaning'inia karakana kwake, imelala upande kama kofia ya mlevi.

Lakini boti ile ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na fundi aliipamba kama anamwoza binti. Dashibodi ilitoka nyeupe pee, mtu angeweza kujitazama humo akanyoa ndevu. Kibati akaona kitakaa pale kama plasta kwenye shavu la bibi harusi. Akakipigilia kwa misumari ya ribiti chini ya kiti cha nyuma, godoro la kiti likakifunika. Nitakihamisha, alijiambia. Wenyewe wakaja kuichukua mapema kuliko walivyoagana, karakana ikajaa vicheko, na kibati kikabaki kulekule.

Hiyo idadi ya watano hakuiokota njiani. Kwake boti hupimwa kwa viroba vya mchanga, kila kiroba na uzito wa mtu mzima, na kila kimoja kimeandikwa ndugu kwa rangi nyekundu: Mjomba, Shangazi, Mama Mkwe, Dada, Shemeji. Boti ikishaingia kwenye tangi la maji, anawapakia mmoja mmoja huku anawasema. "Mama mkwe, sogea, unalemea upande." Boti hii ilimpokea Shemeji, wa tano, ikatulia. Alipoongeza kiroba cha sita, ukingo ukaanza kulamba maji.

Kwa hiyo jibu alikuwa nalo mdomoni siku shemeji alipouliza, "Shem, hii inabeba wangapi?"

"Ukoo mzima, mkikaa kwa kupendana."

Dada alimpiga kikofi cha kisogo. "We Sufuria, jibu kama mtu mzima."

Sufuria ni jina la utotoni. Alimpakia paka kwenye sufuria ya mama yao akaisukuma katikati ya dimbwi. Paka alirudi, sufuria haikurudi. Tangu hapo dada hakumwita vingine. Siku ile wakacheka wote watatu, na swali likaondoka na vicheko.

Jumapili moja shemeji na wenzake walipanda wanane. Dada alibaki gatini na mafua yake, anawapungia leso. Walipokata kona kurudi, maji yaliingia kwa nyuma, boti ikaketi. Wenye jaketi za kuokolea walivutwa na boti nyingine. Shemeji jaketi yake alikuwa amemvalisha mgeni aliyekuja bila.

Msibani dada hakulia sana. Alikuwa na hasira. Kila aliyempa pole alimpa maneno yaleyale: "Mume wangu mbishi. Mdogo wangu hawezi kutoa boti bila kuandika. Aliandika, yule bwana hakutaka kusoma." Fundi alikuwa kajikunyata kwenye kona na kikombe cha chai kilichopoa, anasikia kila neno.

Boti ikaletwa karakana, ikafunikwa turubai, isubiri mkaguzi. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti. Ribiti nne tu. Drili iko mezani. Kibati kinatoka chini, kinapanda mbele, na dada anabaki na mdogo wake. Fundi aliifungua turubai, akainua godoro ambalo bado lilichuruzika maji, akaweka ncha ya drili kwenye ribiti ya kwanza. Akainua macho. Mbele yake ukutani, kiroba cha Shemeji kilikuwa kimeegemea cha Dada, vilevile alivyoviacha. Marehemu angebeba lawama hii bila hata kuguna, alivyokuwa mpole. Fundi alirudisha drili mezani.

Mkaguzi alipokuja, mwanamke mmoja wa maneno machache, dada alikuwa naye. "Nataka nikione hicho alichokataa kukisoma," alisema.

Mkaguzi alipitisha mkono juu ya dashibodi nyeupe. "Kibati kiko wapi?"

"Kilikuwepo," dada alidakia. "Kitakuwa kimebanduka majini. Huyu kazi yake safi, mama, muulize yeyote."

"Hakijabanduka, dada," fundi alisema, akainua godoro.

Mkaguzi aliinama, akapiga picha. "Kimekaliwa," alisema polepole, kisha akatoka nje kupiga simu, au kuwaachia nafasi.

Dada aliyafuata maandishi kwa kidole. "Watu watano." Akatazama mbele, kwenye usukani. "Yeye alikaa pale."

"Pale."

"Basi hakukiona."

"Hakukiona."

"Na alikuuliza. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo, dada."

"Nimeigeuza picha yake ukutani, unajua? Naamka asubuhi naangalia mgongo wa fremu, najisemea umejitakia." Alipangusa kibati kwa leso, taratibu, kama anapangusa uso wa mgonjwa. "Kumbe hata hakujitakia."

Fundi, mtu ambaye hakuwahi kupungukiwa na mzaha, alijipapasa kichwani kama anayepapasa mifuko mlangoni, ufunguo haupo.

Dada aliteremka kutoka kwenye boti, akaenda moja kwa moja kwenye viroba. Alikitafuta cha Shemeji, akakifuta vumbi, akakikumbatia kukinyanyua. Kilimshinda. Fundi akakimbilia kumsaidia.

"Acha, fundi."

Fundi. Kama mteja. Kama mtu aliyepita kuuliza bei.

Dada aliketi sakafuni, akalaza shavu juu ya kiroba na kufumba macho. Mchanga ulimwagika kidogo kwenye mshono, naye akaukinga kwa kiganja usipotee. Fundi alichuchumaa mbali kidogo.

"Dada," alisema. "Niite Sufuria. Mara moja tu, halafu uniache."