Saini kwa Maktaba Nyepesi

Heber Cazenave hakuwa na shahada, hakuwa na gari wala baiskeli, hakuwa na kompyuta nyumbani, hakuwa na meno mawili ya juu, na tangu mkewe ahamie Montevideo hakuwa na mtu wa kumwambia anyamaze. Sekondari aliimaliza kwa masomo ya jioni, akiwa na miaka arobaini na moja. Alishika nafasi ya pili. Ya kwanza aliichukua askari polisi mmoja, na Heber hajayakubali matokeo yale hadi leo.

Alikuwa fundi wa mizani katika ghala la kufungasha machungwa hapa Salto. Kila siku, mji ulipolala baada ya chakula cha mchana, yeye alibaki ghalani mbele ya kompyuta kuukuu ya mizani, akiandika maktaba. Si ya vitabu. Programu yoyote iliyoandikwa kwa lugha ya C ina kazi ndogondogo zisizokwisha: kupima urefu wa neno, kunakili maandishi, kufungua faili, kuomba nafasi katika kumbukumbu ya mashine. Hakuna anayeziandika upya kila mara. Huwekwa pamoja, na programu zote huchota humo. Hiyo ndiyo maktaba. Zilizokuwapo zilizilemea mashine za zamani. Ya Heber ilikuwa nyepesi, na ilimchukua miaka sita.

Kikundi cha watu wa Curitiba, Brazili, kilikuwa kinatengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta za zamani, wa kugawiwa bure. Walipima maktaba yake na ya mwanafunzi mmoja wa Rosario, wakachagua yake. Ila Ivonete, msimamizi wao, alimwandikia kwamba, kwa kuwa kazi ilifanyika kwenye mashine ya mwajiri, mwajiri atie saini kuwa haidai kuwa mali yake. Karatasi halisi, kwa posta, ifike kabla Mei haijaisha. Isipofika, wangechukua ile ya Rosario.

Heber alifunga tai akaenda kwa mwenye ghala, Bwana Barboza. Alimweleza kwa dakika arobaini, bila kuruka kitu.

"Nzuri sana," Barboza alisema, akivuta kwa mrija chai chungu kwenye kibuyu chake. "Kwa hiyo nisaini kwamba si yangu?"

"Ndiyo, bosi."

"Kitu kizuri hivyo, mashine yangu, umeme wangu, niwape Wabrazili?"

"Na watu wengine wote, bosi."

"Hapo ndipo umeharibu kabisa. Toka."

Nélida, karani, alikuwa amesikia kila neno mlangoni.

"We kaka Heber, una akili au una vyeti tu?"

"Nimemweleza ukweli."

"Umemweleza mpaka mimi nikataka kuinunua! Rudi Jumatatu. Jibu unachoulizwa, halafu funga mdomo. Najua hujawahi. Jaribu."

Jumatatu alirudi bila tai. Akaiwasha mashine, akaandika "chungwa". Kioo kikaonyesha 7.

Barboza alihesabu kwa vidole. "Saba. Mjukuu wangu anaweza hiyo."

"Anaweza, bosi."

"Nyingine?"

"Hii hunakili maandishi kutoka hapa kwenda pale."

"Mashine ya fotokopi tunayo."

"Tunayo, bosi."

"Na hii?"

"Huomba nafasi kwenye kumbukumbu. Ikimaliza, huirudisha."

"Hurudisha yote?"

"Yote."

"Basi hiyo si mwenyeji wa hapa," Barboza akasema, akacheka mpaka akapaliwa. Heber alingoja. Hiyo sehemu ya kurudisha ndiyo iliyomla majira mawili ya baridi, na watu wa Curitiba walisema hawajaona nyingine safi kama hiyo. Alifunga mdomo.

"Miaka mingapi umekaa na kitu hiki?"

"Sita na miezi miwili."

Barboza alimtazama kwa huruma. "Pole, mzee wangu. Kaa, uandike, nitasaini. Andika: Kampuni haidai lolote juu ya maktaba hii, kwa kuwa ni kazi ndogo isiyo na thamani, ya mfanyakazi kujipotezea muda."

Vidole vya Heber vilisimama. "Wao wanahitaji ile 'haidai lolote' tu, bosi."

"Na mwanasheria wangu atanihitaji mimi, akisikia nimegawa kitu chenye thamani. Bila maneno hayo sisaini."

Mlangoni, Nélida alikohoa. Heber akaandika. Aliandika yote, akaweka mkato ambao Barboza hakuutamka lakini ulistahili kuwapo. Barboza akasaini, akagonga mihuri miwili.

Posta, Heber aliomba kalamu na karatasi, akamwandikia Ivonete maelezo: maneno yale ni ya nani, na kila sehemu ya maktaba inafanya nini na kwa nini inaifanya vizuri kuliko nyingine. Zilifika kurasa tatu. Akazisoma. Kisha akafikiria nakala ya ile karatasi yenye mihuri ikimfikia siku moja mwanasheria wa Barboza, ikiwa imeambatana na kurasa tatu zinazothibitisha kwamba bosi alidanganywa.

Akazichana, akazitia mfukoni. Katika bahasha aliweka karatasi moja tu, ile yenye mihuri. Akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akamkabidhi karani wa dirishani.

"Ya haraka," alisema.