Karatasi Zisizo na Majina

Zulekha alikuwa amefundisha hisabati miaka kumi na moja katika shule moja nje kidogo ya Mkongani alipopelekwa Kwale kwa mafunzo ya siku tatu. Alirudi na kijitabu cha picha na kazi mpya: kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, awafundishe watoto wa gredi ya sita kuzitambua hisia zao na kuzisema.

Wiki za mwanzo watoto walicheka tu. Wiki ya tano akawagawia vipande vya karatasi.

"Andika jambo moja linalokutia hofu. Usiweke jina. Nitasoma mimi peke yangu."

Alizisoma jioni nyumbani. Nyoka, mtihani, mbwa wa jirani. Moja iliandikwa: "Naogopa Jumamosi. Baba mdogo hulewa tangu asubuhi, hunifunga kamba mpaka magharibi."

Mwandiko ule ulioinamia kushoto alikuwa akiusahihisha kila siku. Ulikuwa wa Kadzo, yatima wa miaka kumi na miwili aliyelelewa na Mramba, mdogo wa marehemu babake.

Jumatatu, wenzake walipokuwa nje, alimwita.

"Ni wewe uliyeandika hii?"

Kadzo alikunja mikono ya sweta. Vifundo vyake vya mikono vilikuwa na makovu, mengine mabichi.

"Usimwambie mtu, mwalimu."

"Nitamwambia mtu wa kukusaidia tu."

Akaipeleka karatasi kwa mwalimu mkuu, Bwana Chome. Aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Tumpigie afisa wa watoto," Zulekha akasema.

"Mramba ni mwanakamati wa shule yetu. Tumsikilize kwanza. Niachie mimi."

Kijitabu kilieleza vingine, kwamba afisa apigiwe kwanza, na Zulekha alijua. Lakini alikuwa na kipindi kingine, na moyoni aliona nafuu kuwa mzigo ule umemtoka. Akaenda kufundisha.

Jumatano Mramba aliitwa. Alivaa shati safi, akawaamkia walimu wote kwa adabu. Aliposomewa karatasi aliomba radhi, akasema mtoto ana uchungu wa kufiwa, na kwamba watayamaliza nyumbani. Alitoka na Kadzo kabla ya kengele ya mwisho. Zulekha aliwaona dirishani wakivuka uwanja, mtoto akitangulia.

Alhamisi Kadzo hakuja. Ijumaa, katika kipindi cha hisia, Cynthia aliyekuwa akikaa naye dawati moja alisimama.

"Mwalimu, Kadzo amelazwa Kwale. Mkono umevunjika mahali pawili. Watu wanasema ni ile karatasi."

Darasa zima lilikuwa likimtazama. Zulekha hakupitia ofisini. Alimpigia afisa wa watoto akiwa amesimama uwanjani, kisha akapanda bodaboda mpaka hospitali.

Kadzo alikuwa ameuelekea ukuta.

"Nisamehe, mwanangu."

"Ulisema utasoma peke yako," Kadzo akajibu bila kugeuka. Muuguzi alipomletea uji, hakuugusa.

Mramba alikamatwa, akatoka kwa dhamana baada ya siku nne. Kesi imeahirishwa mara tatu. Polisi walipomhoji Zulekha, alieleza yote, pamoja na jinsi karatasi ilivyotoka mikononi mwake. Tangu hapo Bwana Chome hamwitikii salamu.

Kipindi cha Ijumaa hakukiacha. Muhula uliofuata aliwaambia watoto wazi: "Ukiniambia kwamba unaumizwa, sitaweza kuficha. Nitampigia afisa siku hiyo hiyo, na wewe utajua." Kwa wiki saba karatasi zote zilirudi tupu. Wiki ya nane, mmoja aliandika kwamba ana njaa.

Mwezi wa Agosti alikwenda Msambweni, kwa Rispah, dada wa mamake Kadzo, ambaye sasa ndiye anayemlea. Alichukua madaftari na sare mpya. Rispah alimkaribisha, akamtilia chai, akaingia ndani. Alikaa huko kitambo, akarudi peke yake.

"Hataki kutoka, mwalimu. Usimlaumu."

"Simlaumu. Mkono wake je?"

"Haujanyooka sawasawa. Lakini anakula sasa, na amepata rafiki hapo jirani."

Zulekha aliweka sare na madaftari juu ya kiti, akamaliza chai yake, akaaga.