Ndoo Zilizoungua

Ndoo zilitakiwa kutoka nyeupe. Asubuhi ile, kwenye kiwanda cha Awadh kule Vingunguti, zilitoka na rangi ya chai ya maziwa, na kila mkupuo ulizidi kukolea.

Felicitas, mkemia wa kiwanda, alinusa moja akakunja uso. Yeye ndiye aliyeshauri plastiki ichanganywe na udongo mfinyanzi ili ndoo ziwe ngumu zaidi. Udongo huo ulipakwa dawa ya kuufanya ushikane na plastiki, na dawa yenyewe haivumilii moto mkali. Ikiungua, plastiki nayo huharibika. Awadh ndiye aliyeagiza moto uongezwe, mashine iende mbio.

"Tia rangi nyeusi," Awadh alimwambia Augustine, mwendesha mashine. "Ndoo nyeusi nani ataijua imeungua?"

"Augustine, usitie," Felicitas alisema.

Augustine akabaki na kopo la rangi mkononi.

"Kwani kiwanda hiki cha nani?" Awadh aliuliza.

"Chako, bosi. Ila mchanganyiko ni wangu. Weusi utaficha rangi, hautarudisha nguvu. Kuna mama atabebea humo maji ya moto, na mtoto yuko miguuni pake."

"Basi nenda nyumbani."

"Siendi."

Felicitas akazima swichi kuu, akaketi mbele ya swichi hiyo juu ya gunia la udongo. Kazi kama ile hakujua ataipata wapi tena. Awadh alifoka, akamwita mkaidi, asiye na shukrani. Felicitas hakuinuka.

"Unakuza mambo tu!" Awadh akanyakua ndoo, akaijaza maji bombani, akaiinua juu ili wote waone. Sikio la ndoo likakatika. Maji yakamlowesha kanzu yote.

"Hayo ni ya baridi," Felicitas alisema.

Awadh akaingia ofisini, akabamiza mlango. Felicitas hakungoja ruhusa. Yeye na Augustine walisafisha mashine, wakapunguza moto, wakaanza upya. Alasiri ndoo zikaanza kutoka, moja moja, zina umanjano kwa mbali.

Awadh alikuja, akaipiga moja teke. Ikabingirika, haikupasuka.

"Bado si nyeupe."

"Si nyeupe. Na sizitii rangi."

"Na zinachelewa mno."

"Ndio mwendo wake moto ukiwa mdogo."

Awadh alimtazama, akageuka akaenda zake bila kusema kama kesho aje au asije. Felicitas akachukua nyundo, akaanza kuzivunja zile zilizoungua.