Wimbo wa Kikohozi

Watu walisema mwanamke yule anaimba kwa upole. Upole wa wapi? Aliimba kwa sauti ya chini kwa sababu mume wake alikuwa amelala nyuma ya pazia, na mume wake akiamshwa kabla ya saa yake, chumba hakikaliki.

Mume alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mabati. Majirani walimwita Afande kwa ajili ya ile sare, naye jina hilo alilipenda kuliko mshahara. Mchana alilala. Mke alishona sare za shule kwa cherehani aliyoiwekea matambara chini ya miguu ili isigonge sakafu. Gitaa lake la kwanza Afande alilivunja kwenye kizingiti cha mlango, ndoa ikiwa bado changa, akasema kwake si baa. Siku hiyo mkono wa mke pia uliumia, naye akawaambia wateja kwamba alianguka. Kinyozi wa chumba cha kushoto na Mama Pacha wa chumba cha kulia walisikia yote, maana kuta zile ni mbao tupu, lakini hawakusema neno. Siri ya mtungi aijuaye kata, walijiambia, wakaongeza sauti ya redio.

Gitaa la pili lilikaa kwa shoga yake, fundi mitambo wa studio ndogo. Mke hakuthubutu kwenda huko. Afande akiamka na kukuta hayupo, angemtafuta. Basi shoga akaja mwenyewe mchana mmoja, gitaa limeviringishwa ndani ya shuka, kinasa sauti kwenye mkoba.

"Ataamka," mke alinong'ona.

"Imba kama unambembeleza mtoto. Mara moja tu, shoga yangu, kisha naondoka."

Akaimba wimbo alioutunga huku akipinda mapindo ya sketi:

*Lala, usiamke,*
*viatu nimevishika mkononi.*
*Ukifumbua macho*
*chai ipo mezani, mimi sipo.*

Alipofika hapo, penye kituo kabla ya kurudia, nyuma ya pazia Afande akakohoa. Mara moja, kikohozi kikavu. Vidole vya mke vilikufa juu ya nyuzi. Alilitazama pazia, nalo halikutikisika. Shoga akamwashiria aendelee, naye akaendelea, sauti ikitetemeka hadi mwisho wa wimbo.

"Usiweke jina langu," alisema wakati shoga anafunga mkoba. "Na kile kikohozi ukitoe."

Shoga hakuweka jina. Kikohozi alikiacha. Aliongeza besi na ngoma za kupigwa kwa brashi, ikawa roki laini ya mtu anayerudi nyumbani amechoka, akaiachia mtandaoni. Siku shoga alipopita tena mke alimjia juu, naye akajibu kwa unyonge: "Nilijaribu kukitoa. Kikitoka, na ule mtetemo hauna maana tena. Nisamehe. Maji yameshamwagika."

Yalimwagika kweli. Wiki chache tu na wimbo uko kwenye kila redio. Waliuita "ile ya kikohozi". Ikifika pale penye kituo, wauza viatu walikohoa, wanafunzi walikohoa, hata makarani wa benki wenye tai. Watangazaji walibishana. Mmoja alisema kikohozi ni ishara ya mapenzi yanayougua, mwingine akasema si kikohozi, ni mlango uliolia, na daktari mmoja akapiga simu kushauri aliyekohoa akapimwe. Walitangaza kwamba wanamtafuta mwimbaji. Mke alisikia tangazo hilo akiwa na pini mdomoni, nusura azimeze.

Kuanzia hapo aliishi roho mkononi. Redio ya Mama Pacha ikianza zile nyuzi, yeye aliangusha sufuria makusudi, au aliendesha cherehani kama mwehu. Mtu anakijua kikohozi chake? Alijiuliza hilo kila siku. Kisha jioni moja Afande akaanza kupiga mluzi wimbo ule huku anafunga kamba za buti.

"Wimbo mzuri huu," Afande alisema. "Umeusikia?"

"Sina muda wa redio, mume wangu."

"Ah."

Akaenda kazini. Mke alianza kupata nafuu kidogo kidogo, kama ujuavyo, binadamu huzoea hata mwiba. Alijiambia: kama angejua, angekuwa ameshafanya jambo.

Jumamosi Afande hakulala. Mchana kweupe aliketi kitandani, pazia limefunguliwa, akimtazama akikata kitambaa. Kisha akaenda akasimama, mgongo wake umeegemea mlango.

"Siku ile nilikuwa macho," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Nilikohoa makusudi, ujue niko macho. Nikasema, atanyamaza. Ukaendelea."

Mkasi wa mke ulisimama katikati ya kitambaa.

"Mji mzima unanikohoa. Pale getini madereva wananikohoa, hawajui hata wanamcheka nani. Sasa imba. Mbele yangu. Nione kama utafika pale."

Aliweka mkasi mezani. Alijua kabisa wimbo ukiisha kitafuata nini. Lakini kunyamaza nako kungeleta hilohilo, basi akafungua mdomo, na kwa kuwa hakuna aliyelala, kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile aliimba kwa sauti yake yote. Aliimba lala, aliimba viatu, akaimba chai ipo mezani, mimi sipo. Akanyamaza penye kituo. Afande akainua mkono.

Ukutani kushoto, mtu akakohoa.

Kulia naye Mama Pacha akakohoa, na watoto wake pacha baada yake. Akakohoa mtu wa chumba cha juu, wakakohoa wateja wa kinyozi wote kwa pamoja. Redio ilikuwa imezimwa. Mkono wa Afande ukabaki hewani, hana pa kuupeleka.

Mlango ukagongwa nyuma ya mgongo wake.

"Afande," ilikuwa sauti ya Mama Pacha, ikitetemeka, "fungua, baba. Tumekuja kuusikiliza wimbo. Tuko wengi."

Afande alisogea. Alisogea kwa haya, si kwa huruma, lakini alisogea. Mke aliinama akavaa viatu vyake mlemle ndani, akafunga vifungo vyake kimoja kimoja. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni. Akapita katikati ya majirani, visigino vikilia sakafuni hadi nje.

Chai hakuiacha mezani.