Nyimbo za Maige Ndani ya Kompyuta

Mzee Maige wa Tinde hakutaka nyimbo zake ziandikwe karatasini. Karatasi ikiokotwa na wapinzani wake wa kundi la ngoma la Bagika, mashindano ya mavuno yakifika utasikia maneno yako mwenyewe yanakutukana uwanjani. Kwa hiyo koo lake lilipoanza kuoza kwa ugonjwa alikubali jambo moja tu: bintiye Limi azitie kwenye kompyuta ya duka alilokuwa akichapia, Shinyanga mjini.

"Humo nani ataingiza mkono, ng'wanone, mwanangu?"

Basi kila mchana, tajiri Jashvant akienda kula, mzee aliketi nyuma ya kaunta akinong'ona, Limi akibofya.

Punde Deepak, mtoto wa tajiri, akarudi toka Dar es Salaam na bisibisi yake. Akafungua mashine, akahamisha kikofia kidogo cha plastiki kwenye ubao wa ndani.

"Umeifanyaje, Kaka Deepak?"

"Nimeikaza. Humu mna saa inayopiga kama ngoma, na prosesa, ubongo wake, inacheza kwa mapigo hayo. Nimeongeza mapigo."

"Na wenzake?"

"Wenzake nani?"

"Wanaocheza ngoma hiyohiyo."

Deepak akacheka. "RAM, kumbukumbu yake, nayo inafuata humohumo. Ya kwetu imezeeka kidogo, lakini itajikongoja. Chapa, dada, usiumize kichwa."

Kweli ilikimbia. Ila Limi akaanza kuona vitu asivyoandika: neno ng'ombe limepotewa na herufi, alama ya swali katikati ya jina la babu. Akamwambia Deepak.

"Vidole vyako hivyo. Darasa la saba na kibodi, wapi na wapi!"

Limi akaamini. Akasahihisha, akahifadhi, akasahihisha, akahifadhi. Hata disketi aliitilia nakala, ya uozo uleule.

Siku chache baada ya wimbo wa mwisho, sauti ya mzee ikakatika kabisa. Wiki hiyohiyo faili likagoma. Lilipofunguka lilikuwa alama tupu, kama shamba la mtama lililopitiwa na kwelea.

"RAM imeshindwa mwendo," Deepak alisema. "Ilikuwa inaharibu inachopewa, na wewe ukahifadhi uharibifu."

"Ulijua?"

"Nilijua inaweza. Mara nyingi haileti shida." Akarudisha kikofia mahali pake. "Haya, chapa ankara za Kahama kabla baba hajarudi. Nyimbo si mzee atakuimbia tena?"

Limi akachapa ankara. Hazikuwa na kosa hata moja.

Jioni alimkuta baba yake ameketi kitandani. Mzee hakujua kusoma wala kuandika. Alimnyooshea Limi kidole, kisha akagusa sikio lake mwenyewe. Imba.

Limi akaanza wimbo wa kwanza. Mstari wa tatu ukamponyoka. Kumbe vidole ndivyo vilivyoupokea, kichwa hakikushika kitu, aliiachia mashine. Mzee akafungua mdomo ampe neno, ikatoka pumzi. Akajaribu tena, mishipa imemsimama shingoni. Limi akaitazama midomo ile, akaitazama, asipate hata silabi.

Mzee akageukia ukutani, akajivutia shuka.