Nusu ya Mjane

Mwaka ule ilipojulikana kwamba shamba la chai la Kwemhina litauzwa kwa mwekezaji, kambi nzima ilikosa utulivu. Watu walikaa vikundi vikundi wakiulizana nani atabaki na nani ataondolewa. Maswali hayo hayajapoa, chama cha wafanyakazi kikaleta fomu. Kila mwanachama wa mfuko wa pensheni wa chama alitakiwa kuchagua kabla shamba halijapata mwenyewe mpya: achukue michango yake yote mara moja, yaani mkupuo, au aiache mfukoni, na akifika miaka hamsini na mitano aanze kulipwa pensheni kila mwezi.

Aliyetakiwa kuwaeleza wenzake alikuwa Scholastica, katibu wa tawi. Alikuwa mchuma chai wa miaka thelathini na minne, ameishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulisifiwa mpaka ofisini. Chama kilimpeleka Korogwe kwenye semina ya siku mbili. Jumamosi aliporudi, alisimama kwenye banda la kupimia majani akaeleza alichokisikia.

Mzee Ulimboka, Mnyakyusa aliyekuwa akichochea boila ya kiwanda kwa miaka ishirini na miwili, aliuliza swali moja.

"Katibu, nikifa je? Mke wangu atapata nini?"

"Pensheni ni ya mwanachama, mzee. Akifa, nayo imekwisha."

Ulimboka alikohoa kifua chake kile kibovu, akavuta kalamu, akasaini mkupuo. Watu zaidi ya thelathini wakasaini kama yeye, maana Ulimboka alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kutenda.

Kesho yake, baada ya misa, Scholastica alikutana barabarani na Yunis, mjane ambaye mumewe alifanya kazi katika shamba jingine la chai. Yunis alikuwa akilalamikia ubovu wa njia ya kwenda Posta.

"Posta unafuata nini kila mwezi, dada?"

"Hela ya marehemu. Nusu ya pensheni yake. Mwaka wa nne huu naipokea."

"Mfuko gani huo?"

"Si huo huo wenu wa chama?"

Scholastica alijua mara moja alipokosea. Siku ya pili ya semina, mchana, mkufunzi alisema sasa wataingia kwenye habari za warithi. Yeye akachomoka. Sokoni walikuwa wanafungua marobota ya mitumba, na ndani yake mlikuwa na makoti mazito, ya baridi ya huku kwetu milimani. Alichagua mpaka saa kumi. Aliporudi semina alikuta watu wanagawiwa soda na vijitabu, na vijitabu vyenyewe vya Kiingereza.

Hakwenda nyumbani kula. Alichukua kijitabu akampelekea mwalimu Nathanaeli wa shule ya msingi. Mwalimu alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kisha akaandika Kiswahili chake kwenye karatasi: mwanachama akifa akiwa analipwa pensheni, mjane au mgane wake ataendelea kupokea nusu yake mpaka afe au mpaka aingie ndoa nyingine. Chini yake akaongeza habari za anayekufa kabla ya umri wa pensheni, na za vyeti vinavyotakiwa.

"Wewe uliwaambiaje?" mwalimu akauliza.

Scholastica aliichukua karatasi, akaaga.

Gari la chama lingekuja kuchukua fomu Jumanne saa sita mchana. Aliyetaka kubadili ilibidi asaini upya kwa mkono wake. Jioni ile Scholastica alimfuata Justin, karani aliyetunza ufunguo wa ofisi walimoweka fomu, akamweleza yote huku akitembea mlangoni, anatoka, anarudi.

"Kaa chini kwanza," Justin alisema.

"Siwezi kukaa."

"Basi nisikilize umesimama. Ukisema umekosea, hata ukiwaambia leo ni Jumapili hawatakuamini tena. Nyamaza. Mkupuo nao ni hela, wengi wataufurahia."

"Na wajane?"

Justin aliinua mabega. Lakini ufunguo alimpa.

Jumatatu asubuhi wachumaji walipoleta majani ya kwanza, Scholastica alipanda juu ya kreti. "Jumamosi niliwaeleza vibaya," alisema, akawasomea karatasi ya mwalimu.

Witness, mchumaji aliyekuwa mbele, akamuuliza, "Walipokuwa wanafundisha hayo ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema aliugua.

"Sokoni. Nilikuwa nachagua koti."

Mtu mmoja nyuma akacheka kicheko kibaya. Scholastica akaendelea, safari hii bila haraka. Mume akiwa anapokea elfu kumi kwa mwezi, akifariki mkewe atapokea elfu tano. Akifa kabla ya kufika umri wa pensheni, michango yake yote wanapewa warithi. Waliotaka kuuliza wakauliza. Mzee mmoja alitaka kujua kama mfuko wenyewe utakuwepo miaka kumi ijayo, maana siku hizi kila kitu kinauzwa. Hilo Scholastica alikiri kwamba halijui, na mzee yule akabaki na mkupuo wake. Mpaka saa nne watu kumi na tisa walikuwa wamebadili.

Wawili waliosaini mkupuo hawakuwepo, walikuwa wameomba ruhusa. Paskali, fundi wa mashine za kiwandani, alikuwa Bungu kwenye msiba wa mjomba wake. Na Ulimboka je? Scholastica alikwenda kwake, akamkuta mkewe Mwanaidi anafua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee amekwenda Shume kutafuta mbao za nyumba tutakayoijenga kwa mkupuo."

Scholastica alimweleza akiwa amesimama. Mwanaidi aliacha kufua, maji yakimtiririka mikononi.

"Kwa hiyo ulimwambia nikibaki mimi sipati kitu."

"Ndiyo, mama."

"Basi mfuate. Usikae hapa kunitazama."

Bungu na Shume ni njia mbili tofauti. Scholastica aliandika barua kwa Paskali, akampa fundi cherehani aliyekuwa anaelekea Bungu, kisha yeye akapanda basi la Soni. Njia nzima aliijutia barua ile, kwamba angeandika maneno makali zaidi. Lushoto akapata lori lililokuwa linapanda Shume kuchukua kabichi. Saa kumi na moja, baridi imeshaanza kuuma, alimkuta Ulimboka kwenye kiwanda cha mbao, amekaa juu ya gogo.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na haya una hakika nayo, au keshokutwa utayakana?"

"Nina hakika. Mwalimu amesoma mbele yangu."

"Yasome."

Aliyasoma. Ulimboka akataka ayarudie. Akauliza ingekuwaje akifa mwaka huu, kabla ya hamsini na tano. Akauliza kama Mwanaidi atatakiwa kuonyesha cheti cha ndoa. Scholastica alisema ndiyo, na mzee akaitikia kwa kichwa. Cha bomani walikuwa nacho. Kisha akazitazama mbao zilizopangwa pembeni, nyeupe, bado zinanukia utomvu.

"Arbuni nimeshatoa," alisema. "Huyu bwana hairudishi."

"Nisamehe, mzee."

"Zilikuwa mbao nzuri."

Walilala kwa mwenyeji wa Ulimboka. Alfajiri wakashuka na lori la kabichi hadi Soni, na hapo wakakwama. Gari la kupanda Bumbuli, njia ya kurudi kambini, halikuonekana. Mzee alikaa kwenye jiwe. Scholastica alitembea barabarani, anakwenda mpaka kwenye kona, anarudi. Saa nne na nusu pikapu ya hospitali ikawabeba. Walipofika ofisini, dereva wa chama alikuwa ameshawasha gari. Ulimboka alisaini fomu mpya juu ya boneti. Fomu ya Paskali iliondoka kama ilivyokuwa. Barua ilimfikia Jumatano.

Mwekezaji aliingia masika yaliyofuata, akapunguza watu. Ulimboka alifika hamsini na tano, akapokea pensheni yake miezi kumi na minne, kisha kifua kikamshinda. Siku hizi Mwanaidi huongozana na Yunis kwenda Posta.

Uchaguzi wa tawi ulipofika, wanachama walimchagua Witness awe katibu. Hakuna aliyemsema Scholastica vibaya. Waliinua mikono tu, naye aliinua wake. Bado wapo wanaomwendea jioni wakiwa na maswali ya mfuko, naye hajibu mpaka afungue kijitabu na karatasi ya mwalimu.

Paskali alinunua ng'ombe wawili kwa mkupuo wake, mmoja akafa. Hukutana na Scholastica karibu kila asubuhi kwenye njia ya kiwandani, naye Scholastica humwamkia, maana ni mkubwa wake. Siku nyingine Paskali huitikia marahaba. Siku nyingine hupita akitazama majani ya chai, na siku hizo Scholastica huchuma haraka haraka mpaka wenzake wanamwuliza anakimbizwa na nini.