Maharagwe Yaliyomwita Kitinda

Saa mbili asubuhi mkaguzi wa majani alivaa koti lake jeupe, akaingia kwenye banda la vioo na daftari kwapani. Siku kumi kabla, yeye mwenyewe alikuwa ameinyunyizia miche mia nne ya maharagwe maji yenye vumbi la kutu, ule ugonjwa unaojaza majani vidonda vya kahawia. Sasa alipita mche kwa mche akiandika upi umeugua na upi haukuugua. Miche mia tatu na miwili haikuwa na doa hata moja. Hiyohiyo mia tatu na miwili ilikuwa inaimba.

Iliimba kichinichini, kama mtu anayechambua nafaka huku mawazo yake yako kwingine. Kila baada ya ubeti wa pili ilikohoa, ikauliza, "Kitinda, umekula?" kisha ikaendelea.

Mkaguzi aliandika: sugu, inaimba. Halafu akageuza ndoo, akaikalia. Yeye alikuwa kitinda mimba, na aliyemwita Kitinda ni mama yake peke yake, marehemu tangu miaka tisa iliyopita. Hata pale mama alipozoea kukosea wimbo, maharagwe nayo yalikosea.

"Afadhali," alisema mwagiliaji, akikunja mpira wa maji. "Tutakagua kwa masikio, macho yapumzike."

Mkuu wa kituo cha utafiti wa mbegu alikuja, akasikiliza, akafuta miwani. Jeni ya usugu na jeni ya wimbo, alieleza, zimekaa jirani mno kwenye uzi mmoja wa urithi. Mche ukirithi moja, nyingine nayo hufuata. Ni jambo la kawaida.

Mkaguzi aliomba faili la mbegu mzazi. Palipoandikwa asili, palikuwa pamejazwa: haijulikani. Alicheka kwa hasira. Alikuwa darasa la tano siku watu wa kituo walipofika kwao, wakanywa maji mlangoni, wakaondoka na kopo zima la maharagwe ya mama. Kila msimu mama alikuwa akitafuta shina lililo safi kuliko yote shambani, akalifunga uzi, na ole wake mtoto atakayeligusa kwa ajili ya chungu. Alifanya hivyo miaka thelathini.

"Mkuu, hii mbegu ni ya mama yangu. Naomba jina lake liandikwe."

"Nimemsikia mwenyewe, dada. Nani hajamsikia? Lakini mkulima gani atapanda maharagwe yanayomuuliza kama amekula? Nitafutie mche mmoja tu, sugu na usioimba. Ukiupata, la jina tutalizungumza."

Mkaguzi alikubali bila kusita. Alijua kazi yake, na masikio yake hayakuwa na mpinzani kituo kizima. Msimu uliofuata alipanda miche elfu sita, akainyunyizia kutu, akainamia mmoja baada ya mwingine. Michache iliimba huku imejaa vidonda. Hiyo ilimuuma sana, akaiandika haraka na kusogea mbele. Mche wa elfu nne mia moja na kumi na nane ulikuwa safi. Aliutegea sikio tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na haukutoa hata kikohozi. Angeweza kuung'oa na kuutia mfukoni, nani angejua? Aliufunga utepe mwekundu, akaenda kumwita mkuu.

Mbegu ya mche ule ilizidishwa misimu mitatu, na ile inayoimba ikaendelea kupandwa upya bandani. Siku ya kujaza fomu ya usajili, trei ya miche michanga ilikuwa mezani kwa mkuu, kimya kabisa.

"Asili?" mkuu alisoma.

Mkaguzi alitaja jina la mama yake, na la baba wa mama yake, polepole ili yaandikwe sawasawa. Mkuu aliinamia trei. Alisikiliza kwa haki, dakika tano nzima, hata simu ilipolia hakuipokea.

"Hayasemi kitu, dada. Niandike kwa ushahidi upi?"

"Ushahidi uko bandani, unaimba."

"Yale siyo tunayoyasajili."

Akaandika, kwa mwandiko mzuri: haijulikani. Kisha akasimama, akampa mkono kwa mikono miwili. Bila yeye, alisema, mbegu hii isingepatikana, na alimaanisha. Alipokuwa akimsindikiza mlangoni alimkumbusha kwamba banda linahitajika kwa mahindi wiki ijayo, hivyo ile miche inayoimba iondolewe.

Mkaguzi alivaa glavu, akaanza na mstari wa karibu na mlango. Aling'oa, akakung'uta udongo, akaweka kwenye toroli. Kufika saa kumi alasiri alikuwa amemaliza nusu ya banda, na sauti ilikuwa imepungua kwa nusu. Nusu iliyobaki ilimwambia akae kidogo, amechoka.